Jibu Baya la Hesabu Lisifutwe Upesi

Mwanafunzi wa Gredi ya 7 amepewa hesabu ya kujumlisha nusu na theluthi, yaani 1/2 na 1/3. Akaandika kwa mwandiko safi kabisa kwamba jibu ni 2/5. Mwalimu akapita, akatia alama nyekundu ya kosa, akarudi ubaoni kuonyesha njia iliyo sawa, na darasa zima likainakili. Juma lililofuata mwanafunzi yule yule akapewa 1/4 na 1/5, naye akaandika 2/9.

Jambo hili hutokea katika shule nyingi sana, na kila mwalimu wa hesabu alijua. Mara nyingi husemwa kwamba mtoto huyo hasikii, au kwamba kichwa chake ni kizito. Lakini tukitazama vema tutaona kwamba alifanya kazi yake kwa uangalifu: alijumlisha namba za juu, akajumlisha na za chini, wala hakupotewa na hata moja. Tena njia yake si ya upuuzi. Mtoto aliyepata swali 1 kati ya maswali 2 ya asubuhi, na swali 1 kati ya maswali 3 ya alasiri, kwa kweli amepata maswali 2 kati ya 5. Basi kichwani mwake imo kanuni, na kanuni hiyo ina mahali pake. Shida ni kwamba ameipeleka mahali pasipoihusu, na ile alama nyekundu haikumweleza hivyo. Kesho ataitumia tena.

Mwalimu mwenye busara humwuliza kwanza, "Umepataje?" Akisha kusikia, huliletea darasa habari ya shamba. Mzee mmoja ana nusu eka. Ndugu yake akamwongezea theluthi ya eka. Je, shamba lake sasa ni kubwa kuliko nusu eka, au ni dogo? Watoto wote watasema ni kubwa. Haya, na waitazame 2/5. Nusu ya 5 ni 2 na nusu, kwa hiyo 2/5 haifiki nusu. Ama! Mzee ameongezewa shamba, na eka yake imepungua! Darasa litacheka, na mwenye jibu atacheka pamoja nao, na tangu hapo yeye mwenyewe ndiye atakayetafuta njia nyingine. Sasa akionyeshwa eka iliyogawanywa katika vipande 6 vilivyo sawa, vipande 3 kwa ile nusu na vipande 2 kwa ile theluthi, ataona mwenyewe kwamba ni vipande 5 kati ya 6. Kuambiwa "tafuta namba ya chini iliyo moja" kabla ya hapo ni kama kupewa ufunguo bila kuonyeshwa mlango.

MIAKA MITATU YA MAAMUZI

Katika miaka ya 1950 watoto wa Kenya walipita katika shule za kati, darasa la tano hadi la nane, wakihesabu kwa shilingi na senti, kwa futi, na kwa ratili. Mwaka 1985 ukaja utaratibu wa 8-4-4 na mtihani wake wa KCPE, ambao ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Siku hizi watoto wa umri wa miaka 12 hadi 14 hivi wako katika Sekondari Msingi, Gredi ya 7, 8 na 9, iliyoanza Januari 2023. Mwishoni mwa Gredi ya 9 huelekezwa katika njia moja kati ya tatu: sayansi na ufundi, elimu ya jamii, au sanaa na michezo.

Utaratibu umebadilika mara nyingi, lakini ugumu wa makamo haya ni ule ule. Mpaka hapo mtoto amehesabu vitu avionavyo: mbuzi, mayai, shilingi. Sasa analetewa sehemu, desimali, asilimia, namba zilizo chini ya sifuri, na herufi zinazosimama mahali pa namba. Kanuni alizojiwekea alipokuwa mdogo zinaanza kumdanganya. Alijua kwamba kuzidisha hukuza na kugawanya hupunguza; leo anaambiwa kwamba 8 kuzidisha kwa nusu ni 4, na 8 kugawanya kwa nusu ni 16. Asipopata mtu wa kumweleza, huamua moyoni kwamba hesabu ni mazingaombwe, na kwamba yeye si mtu wa hesabu. Uamuzi huo wa mtoto wa miaka 13 humfungia njia ya uuguzi, ya upimaji wa ardhi, ya ufundi wa umeme, na hata kiti cha karani katika chama cha ushirika, kabla hajajua kazi hizo ni nini.

KUSUBIRI NI KAZI

Mtu anaweza kusema kwamba kumwuliza mtoto "umepataje?" ni jambo jepesi. Si jepesi. Mwalimu anayeuliza hana budi kusubiri jibu, na kusubiri kunataka moyo. Mtaalamu mmoja wa elimu ya sayansi wa Marekani, Mary Budd Rowe, alichunguza masomo mengi na kutoa habari zake katika miaka ya 1970. Aliona kwamba mwalimu akisha kuuliza swali husubiri kiasi cha sekunde 1 tu, kisha humwita mwingine au hujijibu mwenyewe. Waalimu waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu ya watoto yalirefuka, na wale waliohesabiwa kuwa wazito wakaanza kusema. Sekunde 3 si kitu njiani kwenda sokoni, lakini mbele ya darasa lililonyamaza huonekana kama mwaka. Mwalimu asiyezoea na ahesabu moyoni.

Tena swali hilo liulizwe kwa jibu lililo sawa pia. Mwalimu akiuliza "umepataje?" pale tu mtoto anapokosea, baada ya siku mbili darasa litajua kwamba swali hilo maana yake ni "umekosea", na kila aulizwaye atafuta haraka alichoandika. Fimbo nayo haina nafasi hapa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilikataza adhabu ya viboko, na hata bila sheria ni wazi kwamba mtoto mwenye hofu hunakili jibu la jirani yake, na hapo mwalimu hana tena kosa la kuchunguza, ana uwongo.

Lakini je, darasa la watoto 60? Kipindi ni dakika 40, na hakuna awezaye kuwauliza wote. Njia iko, na haina gharama. Dakika 5 za mwisho kila mtoto apewe kipande cha karatasi, hata robo ya ukurasa wa daftari kuukuu, ajibu swali moja tu na kuandika mstari mmoja wa kueleza alivyofanya. Jioni mwalimu huzigawa karatasi katika mafungu: haya ni sawa, haya yamekosea hivi, haya yamekosea vile. Hana haja ya kutia alama. Atastaajabu kuona kwamba makosa ya watoto wengi si ya aina nyingi. Mara nyingi ni aina mbili au tatu. Kesho yake huandika ubaoni jibu moja kutoka kila fungu, bila jina la mtu, na kuwaambia watoto wajadiliane wawili wawili: lipi ni la kweli, na walioandika hayo mengine walifikiri nini?

Mathalan swali la jana lilikuwa: ipi ni kubwa, 0.4 au 0.35? Fungu kubwa litasema 0.35, kwa kuwa 35 ni zaidi ya 4. Hapo fedha hufaa: 0.4 ya shilingi ni senti 40, na 0.35 ni senti 35. Lakini mwalimu asishike fedha peke yake, maana senti huishia tarakimu mbili, na mtoto atatatizwa tena akikuta 0.125. Kilo ni bora zaidi. Kilo 0.125 ya majani ya chai ni gramu 125, na kilo 0.4 ni gramu 400. Kila muuza duka anajua lililo zito.

KIWANJA CHA HAMSINI KWA MIA

Vitabu vya hesabu vina mifano mingi, lakini mifano iliyo bora imo nje ya dirisha la darasa. Chukua habari ya viwanja. Pande nyingi za Kenya kiwanja cha futi 50 kwa futi 100 huitwa "thumni ya eka", yaani 1/8. (Wazee watakumbuka kwamba senti 50 nazo ziliitwa sumni, ijapokuwa senti 50 ni nusu ya shilingi, neno hilo limesafiri sana.) Watoto wa Gredi ya 8 na waulizwe: je, ni kweli kwamba kiwanja hicho ni 1/8 ya eka?

Eka moja ni futi 660 kwa futi 66, yaani futi za mraba 43,560. Gawanya kwa 8, utapata 5,445. Lakini 50 mara 100 ni 5,000 tu. Zimepungua futi za mraba 445, karibu 8 katika kila 100. Kwa mita, 1/8 ya eka ni mita za mraba 506 hivi, na kiwanja cha futi 50 kwa 100 ni kama 465. Mnunuzi akipimiwa mita 15 kwa mita 30, kama wapimaji wengi wafanyavyo ili kupata namba nzima, atakuwa na mita za mraba 450, yaani hekta 0.045. Amepungukiwa na mita za mraba 56 kutoka ile 1/8 aliyoambiwa. Chumba cha upana wa mita 7 na urefu wa mita 8 kimeyeyuka katika maneno!

Somo hili lisiishie ubaoni. Watoto watoke na kamba na mambo, wapime kiwanja hicho katika uwanja wa mpira, kisha wapime na 1/8 iliyo kamili kando yake. Warudi darasani wabishane: je, muuzaji ni mwizi, au hayo ni mazoea tu ya kusema? Katika ubishi huo mna sehemu, asilimia, kuzidisha, kubadilisha futi kuwa mita, na desimali, na hakuna mtoto atakayeuliza mambo haya yana faida gani. Huenda jioni baba yake ndiye atakayeuliza, akiwa ameshika hati ya kiwanja mkononi.

Asilimia nazo zina mtego wake, na bei za mazao huuonyesha vizuri. Bei ikishuka kwa asilimia 20, kisha ikapanda kwa asilimia 20, watu husema imerudi palepale. Shilingi 100 hushuka kuwa 80. Asilimia 20 ya 80 ni 16. Jumla ni 96. Zile shilingi 4 zimekwenda wapi? Swali hilo linatosha kipindi kizima.

SAA ZETU NA NAMBA HASI

Namba zilizo chini ya sifuri huwasumbua watoto kuliko jambo lolote, na sababu moja ni ile kanuni wanayofundishwa kuiimba: "hasi mbili hufanya chanya." Wakisha kuiimba huiweka kila mahali. Wakiona hasi 3 kutoa 5, huandika 8, maana wameona alama mbili. Deni huwasaidia. Mtu mwenye deni la shilingi 3 akikopa 5 zaidi, hakuna mtoto atakayesema kwamba ametajirika. Deni hueleza pia jambo lililo gumu zaidi, yaani kutoa hasi. Mtu ana shilingi 300 mfukoni na deni la 500 dukani. Mali yake ni hasi 200. Mwenye duka akimfutia deni, yaani akimwondolea hasi 500, mali yake inakuwa 300. Kuondolewa deni ni sawa na kupewa fedha.

Lakini deni halielezi kwa nini hasi ikizidishwa kwa hasi huleta chanya, na mwalimu asilazimishe. Afadhali aandike mfululizo: 3 mara hasi 2 ni hasi 6; 2 mara hasi 2 ni hasi 4; 1 mara hasi 2 ni hasi 2; 0 mara hasi 2 ni 0. Kisha anyamaze. Watoto wataona majibu yanapanda kwa 2 kila hatua, nao wenyewe watasema kwamba hasi 1 mara hasi 2 ni lazima iwe 2.

Kuna mfano mwingine ambao watoto wa nchi hizi wanao na wenzao wa Ulaya hawana, nao ni saa ya Kiswahili. Saa 10 ya Kizungu asubuhi ni saa nne. Saa 3 ya mchana, ambayo huandikwa 15, ni saa tisa. Kila mara tunatoa 6. Lakini saa 4 ya Kizungu alfajiri je? Kutoa 6 katika 4 ni hasi 2. Hakuna saa iitwayo hasi 2, basi tunaongeza 12, na tazama, ni saa kumi alfajiri, kama mama anayeamka kukamua ng'ombe ajuavyo siku zote. Mduara wa saa uchorwe chini kwa majivu, mtoto mmoja asimame penye namba na kutembea hatua 6 nyuma. Wenzake watahesabu kwa sauti.

HERUFI MAHALI PA NAMBA

Katika aljebra kosa lililo maarufu ni hili. Mtoto anaambiwa: kwa kila mwalimu 1 wako wanafunzi 40, andika habari hiyo ukitumia m kwa idadi ya waalimu na w kwa idadi ya wanafunzi. Wengi, hata watu wazima waliosoma sana, huandika 40w = m. Wamefuata mpangilio wa maneno, wakaifanya herufi kuwa mtu badala ya kuwa idadi ya watu. Dawa yake ni kujaribu kwa namba. Tuseme wanafunzi ni 80. Kwa jibu hilo waalimu watakuwa 40 mara 80, yaani 3,200! Shule ya ajabu. Iliyo sawa ni w = 40m: waalimu 2, wanafunzi 80. Mtoto aliyezoea kutia namba ndani ya herufi ili aone kama zinasema kweli hatahitaji mwalimu kumsahihishia. Amejipatia msahihishaji wa maisha.

Msomaji ataona kwamba njia hizi hula wakati. Ni kweli. Mwalimu atakayezifuata atafanya hesabu 5 mahali alipokuwa akifanya 20. Huko Japani somo zima la hesabu mara nyingi hujengwa juu ya tatizo moja, na mwalimu hafuti ubao mpaka mwisho, ili njia zote za watoto, zilizo sawa na zilizopotoka, ziwe mbele ya macho yao. Kenya ilishirikiana na Japani katika mpango wa SMASSE ulioanza mwaka 1998 kwa waalimu wa sekondari, na shauri lake kubwa lilikuwa kwamba mwanafunzi atende kwa mikono yake, na vifaa vitengenezwe kwa vitu vilivyo karibu. Vifuniko vya soda, maharagwe, karatasi ya kukunja, kamba: hivyo vyatosha.

Hata hivyo wako watu siku hizi wanaosema kwamba kukariri ni jambo la kizamani lisilofaa kabisa. Hao wamezidi. Mtoto wa Gredi ya 7 asiyejua kwamba 7 mara 8 ni 56 hawezi kufuata habari ya kiwanja, kwa sababu akili yake yote imekwama katika kuzidisha. Dakika 5 za mwanzo za kutaja jedwali la kuzidisha kwa sauti, hata kwa kuimba, si aibu kwa mwalimu yeyote. Na jambo la lugha nalo litazamwe: masomo huendeshwa kwa Kiingereza tangu Gredi ya 4, na mara nyingine kinachomshinda mtoto ni maneno ya swali, wala si hesabu yenyewe. Mwambie alieleze swali kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani. Akiweza, basi tatizo limejulikana.

Mzazi naye ana sehemu yake, hata kama aliacha shule mapema. Jambo la kwanza ni kutosema mbele ya mtoto kwamba "hata mimi hesabu zilinishinda," maana mtoto hulipokea neno hilo kama urithi. La pili ni kumpa hesabu za kweli za nyumbani. Mwenye ng'ombe anaweza kumpa karatasi ya maziwa ya mwezi. Lita 1 ya maziwa ina uzito wa kilo 1.03 hivi, kwa hiyo mkebe wa lita 20, ukiondoa uzito wa mkebe wenyewe, utasoma kilo 20.6 kwenye mizani. Mkulima akipeleka lita 20 kila siku kwa siku 30, kuna tofauti ya 18 kati ya jumla ya kilo na jumla ya lita. Mtoto na aulizwe: mnunuzi akipima kwa kilo na kulipa bei ile ile kwa kila kilo, au akipima kwa lita na kulipa bei hiyo kwa kila lita, ni wapi familia inapata zaidi, na ni shilingi ngapi kwa mwezi? Akisha kujibu, baba na amwambie aonyeshe hesabu yake hatua kwa hatua, kisha wachukue karatasi hiyo pamoja mpaka kituo cha maziwa na kuuliza wao hupima kwa njia gani.